Safu Isiyo na Pengo

Nchi yetu ina jina, tena zuri, lakini sitalitaja hapa kwa sababu kibali cha kulitaja bado kinashughulikiwa. Mkitaka kuitambua, ni ile ambayo kila kitu kinakwenda vizuri. Ina bendera, ina Waziri wa Shibe, na ina Chuo cha Adabu Njema, ambako mimi nilikuwa Msimamizi wa Safu mpaka siku ile ya maharage. Watu hawaachi kuniuliza ilikuwaje. Nimechoka kuulizwa barabarani na watu wanaotafuna mahindi, kwa hiyo naeleza mara moja tu, na atakayenikatiza naacha.

Kwanza muielewe Safu.

Mwasisi wa chuo chetu alikuwa mtu wa vitabu, na alipenda hasa habari za vyuo vikongwe vya Marekani, vile vya enzi za mishumaa na mawigi. Akasoma kwamba huko wanafunzi hawakupangwa kwa akili, jambo ambalo huleta fujo, bali kwa heshima ya baba zao. Mtoto wa gavana mbele, mtoto wa mkulima kule mwisho karibu na mlango. Mwanafunzi mpya alivua kofia akimwona mkubwa wake hata kwa mbali, mvua inyeshe isinyeshe. Aliyekosa alishushwa nafasi, au alisimama mbele ya wenzake wote akaungama. Mwasisi aliposoma hayo alilia kwa furaha. Wamarekani wenyewe walishayatupa zamani. Sisi tukayaokota, tukayafuta vumbi, na tukayaongezea yetu.

Basi kwetu kila mwanafunzi alikuwa na nafasi yake katika Safu. Walisimama kwa Safu uani, wakaingia bwaloni kwa Safu, wakapakuliwa chakula kwa Safu. Kila mmoja alilazimika kuwa na kofia, ingawa hakuna aliyewahi kuivaa, kwa kuwa siku zote palikuwa na mkubwa wa kuvuliwa. Hata koti la Mkuu wa Chuo, Profesa Nguluma, likianikwa dirishani, watu walipita chini yake kofia mkononi. Kuna siku lilianikwa koti la dereva kwa makosa, likaheshimiwa mpaka jioni.

Na kwa kuwa nafasi ilifuata cheo cha baba, na katika nchi yetu vyeo hutenguliwa redioni, wanafunzi walisikiliza taarifa ya habari ya mchana wakiwa wamesimama na sahani zao. Msomaji akisema, "Uteuzi wake umetenguliwa," kijana mmoja alichukua sahani yake akarudi nyuma bila kuambiwa. Mmoja baba yake alitenguliwa wali ukiwa umeshafika kwenye sahani. Ilibidi urudishwe kwenye sufuria, na mimi ndiye niliyeurudisha.

Wa kwanza katika Safu alikuwa Adinani, mtoto wa Waziri wa Shibe, kijana mnene na mpole ambaye hakuwahi kuona kisogo cha mwenzake. Wa mwisho alikuwa msichana mmoja aitwaye Zawena. Baba yake alifariki bila cheo chochote, hata ukatibu wa kamati ya mazishi hakuupata. Siku ya kuandikishwa nilimwuliza, "Baba yako alikuwa nani?" Akanijibu, "Alikuwa baba yangu." Nikampeleka mwisho moja kwa moja. Mbele yake alisimama Luhwago, ambaye baba yake aliwahi kuwa tarishi wa kata na alijivunia hilo sana, mpaka Zawena akawa anamwita Mheshimiwa Tarishi. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, maana kule mwisho hakuna mwingine wa kuongea naye.

Kanuni zilikuwa nyingi, lakini tatu ndizo mnazozihitaji. Hakuna kumpa Mkuu mgongo. Ukiondoka mbele yake unarudi kinyumenyume. Mwanafunzi haongei na Mkuu ila aliye wa kwanza. Wengine humpa neno aliye mbele yao, naye akalipeleka mbele. Na Safu haina pengo: kati ya mtu na mtu ni urefu wa mkono, mmoja akisogea wote wanasogea. Mwaka wa tetemeko ukuta wa bweni ulianguka, baadhi wakakimbia, na Safu ikaziba mapengo yao kabla vumbi halijatulia. Nilipewa nishani, na bado ninayo.

Sasa maharage.

Mwaka ule Wizara ya Shibe ilituletea msaada wa maharage. Yalikuwa ya rangi ya waridi, yanang'aa, na ukiyashika yanakuachia vumbi la waridi vidoleni. Kwenye magunia palikuwa na picha ya fuvu la kichwa, tukadhani ni picha ya mwenye kampuni. Wapo walionong'ona kwamba hizo ni mbegu za kupanda, zimepakwa dawa ya kuua wadudu, haziliwi. Mkuu akawasahihisha. Waziri wa Shibe hawezi kutoa mbegu, alisema, kwa sababu mbegu ziko chini ya Wizara ya Subira.

Yakapikwa. Lile vumbi lilikuwa halina nidhamu, lilizama chini ya sufuria, na chini ya sufuria ndiko wanakopakuliwa watu wa mwisho. Wa mbele walipata mchuzi wa juu, wakaumwa tumbo kidogo. Wa katikati waliharisha, kwa Safu, mkubwa akitangulia, na mimi nilisimama mlangoni mwa choo kuhakikisha. Zawena alionja, akatema, akala ugali mtupu. Luhwago alikula yote kwa sababu alikuwa na njaa.

Kesho yake mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma, mikono inatetemeka, macho hayaoni sawasawa. Akalazwa katika chumba cha wagonjwa kilicho karibu na geti. Hospitali ya serikali iko ng'ambo ya barabara. Ukisimama dirishani pale unawaona wauguzi wakianua mashuka. Lakini kwetu geti halikufunguliwa kwa mgonjwa mpaka aungame kosa lililomletea ugonjwa, maana kikao kilishaamua kwamba chakula cha chuo hakiwezi kumdhuru mtu mwenye nidhamu.

Nilikwenda mwenyewe kumsaidia. Nikamwambia, "Luhwago, sema tu kwamba ulikula kwa kiburi, tumalize." Akafungua mdomo, yakatoka mate. Nikasubiri. Ungamo lenye mate halikubaliki, msinitazame hivyo, si mimi niliyeweka kanuni.

Zawena alikuwa ameketi pembeni yake anamfuta.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi."

"Marahaba. Kofia yako iko wapi?"

"Ndiyo hii namfutia. Bwana Msimamizi, Luhwago anakufa. Tufungulie geti tumvushe barabara tu."

"Hilo ni swali?"

"Ni ombi."

"Ombi linapita njia ileile ya swali. Lipeleke mbele kwa Safu."

Mnaona nilivyokuwa na utu. Ningeweza kumwadhibu kwa ajili ya kofia.

Mchana, bwaloni, akalipeleka. Nafasi ya Luhwago ilikuwa wazi mbele yake, imewekewa kofia sakafuni, kwa hiyo alinyoosha shingo akamwambia wa mbele zaidi: "Luhwago anakufa kwa sumu ya maharage. Mkuu afungue geti." Nilitembea pembeni ya Safu nikilifuata lile neno, maana napenda kuona utaratibu ukifanya kazi. Mtoto wa bwana shamba akaona neno sumu ni kali, akasema Luhwago anaumwa kwa sababu ya maharage. Mtoto wa diwani akaona si vizuri kuyasingizia maharage, akasema Luhwago amekula maharage mpaka anaumwa. Watoto wa wakurugenzi wasaidizi wakalipokezana, kila mmoja akimenya ganda kidogo, na lilipofika kwa watoto wa majaji Luhwago alikuwa ameshabanduka humo ndani, wamebaki wanafunzi wanaokula mpaka wanashindwa. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa na baba wa kumfikiria.

Adinani akaweka kofia kifuani mbele ya Mkuu, akasema kwa ile sauti yake laini, "Mtukufu Mkuu, wanafunzi wanashukuru sana kwa maharage."

Mkuu aliguswa. Akasimama, akafuta miwani, akaagiza maharage yaongezwe mara mbili mpaka mwisho wa muhula.

Hapo ndipo yule msichana alipopaza sauti kutoka kule mlangoni, juu ya vichwa vya Safu nzima. "Mkuu, maharage yana sumu. Luhwago anakufa, na wewe unajua."

Jamani. Miaka yangu yote pale sijawahi kusikia neno likiruka kutoka mwisho mpaka mbele bila kusimama popote. Mpishi aliangusha mwiko. Mimi nilishika ukuta.

Kikao cha nidhamu kiliitwa alasiri hiyohiyo, na hapo tukakuta shida ambayo Mwasisi hakuiona. Adhabu yetu kuu ni kushusha. Mkosaji hushushwa nafasi, na akishushwa mpaka mwisho na bado hakutubu, hufukuzwa. Sasa huyu binti yuko mwisho tayari. Utamshusha wapi? Na kumfukuza huwezi, kwa kuwa kanuni inasema aliyeshushwa mpaka mwisho, na yeye hakushushwa, ndiko alikoanzia.

Profesa mmoja akapendekeza mbuzi wa jikoni aingizwe katika Safu, Zawena ashushwe awe nyuma ya mbuzi. Wazo lilipendwa, lakini likakwama kwenye cheo cha baba wa mbuzi, ambacho hakuna aliyekifahamu. Mwingine akauliza kama tunaweza kuchimba shimo. Mimi si mjumbe, kazi yangu ni kushika mlango. Kupitia dirisha nilikuwa nakiona chumba cha wagonjwa, na Zawena ametoka kuita mtu wa kumsaidia kumgeuza Luhwago. Hakuna aliyeitika, wote walikuwa katika Safu ya kuoga.

Ndipo Mkuu alipoinua kidole. "Mtu hawezi kuanguka kama hajapanda," alisema. "Tumpandishe kwanza. Awe wa kwanza. Kisha tumshushe nafasi kwa nafasi mpaka mwisho, tumwulize kama anatubu, na akikataa tumfukuze." Wajumbe wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Kwa bahati njema kesho yake ilikuwa Siku ya Shukrani na Waziri wa Shibe alikuwa mgeni rasmi, kwa hiyo angejionea mwenyewe jinsi chuo kinavyofundisha.

Nilimpelekea Zawena habari. Akaniuliza kama baada ya kufukuzwa geti litafunguliwa.

"Lazima lifunguliwe," nikasema. "Utapitaje?"

Akaniuliza mpaka lini atahesabiwa yumo katika Safu. Nikamjibu kwa fahari, kwa sababu wachache huuliza kanuni kwa hamu namna hiyo: mfukuzwa yumo katika Safu mpaka kisigino chake kivuke geti. Akanishukuru. Nikajisemea moyoni kwamba huyu, angekuwa na baba, angefika mbali.

Kesho yake jua lilikuwa kali. Meza kuu iliwekwa uani chini ya turubai, na Waziri aliketi kando ya Mkuu, sufuria ya maharage mbele yao, kubwa, nyekundu kwa ndani. Safu ilinyooka kutoka mezani mpaka karibu na geti. Hotuba ya Mkuu ilikuwa ndefu. Alisema kwamba taifa lenye njaa ni taifa lisilojua kushiba, na Waziri akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayejaribu kukumbuka wapi aliyasikia maneno hayo.

Kisha tukampandisha Zawena. Adinani alisogea nyuma hatua moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaona kisogo. Alikitazama kwa mshangao. Zawena alikaa pale mbele kwa muda wa kusomewa kosa tu, halafu tukaanza kumshusha.

Hapa kuna jambo la kanuni ambalo wageni hulipenda. Kila anayepitwa na mkosaji hulitamka kosa lake, zima, kwa sauti. Neno likipanda linaweza kupunguzwa, ni adabu. Lakini kosa likishuka halipunguzwi, maana ukimpunguzia mtu kosa umempunguzia adhabu.

Adinani alikuwa wa kwanza kutamka. Akamtazama baba yake. Akanong'ona kitu.

"Sauti," nikamwambia. Ndiyo kazi yangu.

"Amesema maharage yana sumu," akasema Adinani. "Amesema Luhwago anakufa, na Mkuu anajua."

Zawena akarudi nyuma hatua moja. Mtoto wa Jaji Mkuu akatamka. Akarudi tena. Mtoto wa balozi akatamka, nikamkemea kwa kumeza maneno, akarudia vizuri zaidi. Mtoto wa mkurugenzi, mtoto wa mkurugenzi msaidizi, mtoto wa mkurugenzi aliyetenguliwa juzi. Maharage yana sumu. Luhwago anakufa. Mkuu anajua. Walianza kwa woga, kisha wakakuta kwamba wakitamka hakuna kinachowapata, ila kusifiwa na mimi kwa kuwa na sauti nzuri. Walipofika watoto wa madiwani walikuwa wanatamka kama watu wanaotema kitu kilichowakaa kooni siku nyingi. Wengine walikuwa wanalia. Mimi nilitembea pembeni nikisema sauti, sauti, na nakiri niliona fahari.

Waziri alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka chini.

"Profesa, maharage gani hayo?"

"Ni yale uliyotuletea, Mheshimiwa," akajibu Mkuu kwa unyenyekevu.

Zawena akafika mwisho. Mkuu akauliza kama kanuni inavyotaka, "Unatubu?"

"Sitatubu."

"Umefukuzwa. Fungueni geti."

Geti likafunguliwa. Zawena akaweka kofia kifuani, akainama, akaanza kurudi kinyumenyume, uso kwa Mkuu, kwa heshima ambayo ningependa watoto wangu waione. Alipofika usawa wa chumba cha wagonjwa akasimama.

"Bwana Msimamizi," akaniita, "mbele yangu kuna pengo."

Nilitazama nikaona aibu kubwa. Kweli, nafasi ya Luhwago ilikuwa wazi, mbele ya Waziri, mahali pana pa kupita gari. Kofia ya Luhwago ilikuwa imebaki mbali huko kama kitu kilichopotezwa na mtu sokoni. Damu ilinipanda kichwani. Nikaagiza, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, Luhwago aletwe kwenye nafasi yake upesi, akiwa amesimama au amelala. Watoto wa mabwana shamba wakaingia ndani wakatoka naye juu ya godoro, wamelishika pembe zote. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na ni hapo tu nilipogundua kwamba kumbe ni kijana mdogo sana.

"Pengo limezibwa," nikatangaza.

Zawena akarudi hatua nyingine. Godoro likamfuata, maana kati ya mtu na mtu ni urefu wa mkono. Waliobeba wakafuatwa na wa mbele yao, na hao na wa mbele yao. Safu nzima ikaanza kurudi kinyumenyume, kofia kifuani, nyuso kwa Mkuu, hatua moja kwa wote. Sijawahi kuona Safu iliyonyooka namna ile. Hakuna aliyempa Mkuu mgongo. Mkuu alidhani ni gwaride la heshima nililoliandaa, akasimama akapunga mkono, na Waziri naye akapunga kwa sababu Mkuu alipunga.

Zawena akavuka geti. Mtu akivuka geti kanuni haimhusu tena. Nilimwona akigeuka, akaivaa ile kofia yake chafu kichwani, akashika pembe ya godoro. Kila aliyevuka baada yake naye aligeuka akavaa kofia, na kule ng'ambo ya barabara wauguzi waliacha mashuka wakaja mbio. Baadaye niliambiwa kwamba daktari aliwagombeza kwa kuchelewa, akampa Luhwago dawa ya kuivunja ile sumu, na ilimchukua Luhwago siku kadhaa kujua yuko wapi. Neno lake la kwanza lilikuwa kuomba ugali.

Wa mwisho kufika getini alikuwa Adinani, kwa kuwa alikuwa wa kwanza. Akasimama pale akimtazama baba yake kwa muda. Waziri alimpungia. Adinani hakupunga. Akavuka.

Uani tukabaki Mkuu, Waziri, mpishi, mimi na sufuria. Upepo ulikuwa unatikisa turubai. Mkuu akaketi, akatazama uwanja mtupu, kisha sufuria, kisha mgeni, na nikaona anavyowaza: Waziri hawezi kuondoka aseme msaada wake haukuliwa.

"Msimamizi," akasema, "chukua sahani."

Nikachukua. Nikapakuliwa mchuzi wa juu, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza. Halafu mpishi akazamisha upawa mpaka chini, akanipakulia na huko, kwa kuwa nilikuwa wa mwisho. Vumbi la waridi lilitanda juu ya mchuzi. Nilitazama mbele nipate wa kumpa neno alipeleke kwa Mkuu. Hapakuwa na mtu.

Nikatazama nyuma. Kati yangu na Adinani palikuwa na pengo kubwa ajabu, uwanja mzima, geti na barabara.

Nikaweka sahani chini taratibu, nikashika kofia yangu kifuani, nikamwinamia Mkuu, nikaanza kurudi nyuma.